Kumtetea Mtibeti kutoka mbali: njia ipi inamfikia, ipi inamwongezea mzigo

Wako Watibeti wawili, watu wa Tibet, eneo la milimani lililo chini ya utawala wa China, ambao majina yao yalivuma Magharibi, na kila mmoja akavuna chake.

Wa kwanza ni Ngawang Sangdrol, mtawa wa kike wa Kibuddha. Alikamatwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 kwa kuandamana, akakamatwa tena 1992. Mwaka 1993, wakiwa gereza la Drapchi mjini Lhasa, mji mkuu wa Tibet, yeye na wenzake 13 walirekodi nyimbo kwa siri ili jamaa zao wajue kwamba bado wako imara. Kanda ikatoroshwa nje. Kwa nyimbo hizo aliongezewa miaka 6, ikaja kuongezwa mingine hadi kifungo kikapita miaka 20. Oktoba 2002, siku chache kabla Rais Jiang Zemin hajakaribishwa na George W. Bush kwenye shamba lake la Crawford, Texas, mtawa huyo akaachiwa, ikiwa imebaki miaka mingi. Mwaka uliofuata akaruhusiwa kwenda Marekani kutibiwa.

Wa pili ni Tashi Wangchuk, mwenye duka mjini Yushu, mkoa wa Qinghai. Hakudai uhuru wa nchi. Alitaka watoto wa kwao wafundishwe Kitibeti shuleni, akaegemea Katiba ya China yenyewe, ambayo Ibara yake ya 4 inayapa makabila yote haki ya kutumia na kuendeleza lugha zao. Mwaka 2015 alisafiri hadi Beijing kutafuta njia ya kuwashtaki viongozi wa kwao, akakubali gazeti la New York Times limfuate na kamera, sura na jina vikiwa wazi. Video ilitoka Novemba. Januari 2016 akakamatwa. Kesi iliposikilizwa Januari 2018, video ile ile ndiyo iliyoletwa mahakamani kama ushahidi kwamba amechochea kujitenga. Alihukumiwa miaka 5, akaimaliza yote, akatoka Januari 2021.

Tashi alijua hatari na aliamua mwenyewe kusema. Simlaumu, na siwezi kuwatupia waandishi lawama yote. Lakini ukiwaweka wawili hawa bega kwa bega unaona kipimo cha kuchagulia. Kwa Sangdrol, kulikuwa na ombi moja linalotajika (mfungwa huyu aachiwe), likapelekwa kwa mtu mwenye uwezo wa kulitimiza, wakati ambapo mtu huyo naye alikuwa na haja yake. Kwa Tashi, dunia ilitazama, ikasikitika, maombi ya kumwachia hayakumkuta mtu aliyekuwa na haja ya kuyatimiza, na gharama yote ikabaki kwake. Ndiyo maana nikiulizwa kama utetezi wa Magharibi unawasaidia Watibeti, sijibu ndiyo wala hapana. Nauliza ni utetezi upi, na ukishindwa nani atalipa.

Nitazilinganisha njia zinazofahamika zaidi, ili mwenye fedha kidogo, sahihi yake, au muda wake ajue auweke wapi.

Barabarani

Hii ndiyo inayoonekana kuliko zote: bendera ya simba wawili wa theluji, mabango, matamasha. Shirika la Students for a Free Tibet lilianza New York mwaka 1994. Mwaka 1996 Adam Yauch wa kundi la Beastie Boys akasimamia tamasha kubwa katika bustani ya Golden Gate, San Francisco, na kizazi kizima cha vijana kikalijua jina la Tibet kupitia muziki. Si jambo dogo hilo. Watibeti walioko ndani ya China ni kama milioni 7, hawana mafuta wala jeshi, na bado wanasikika kuliko mataifa mengi yanayowazidi kwa wingi. Vijana wa Kitibeti waliozaliwa Toronto au Zurich nao hupata barabarani mahali pa kuwa Watibeti.

Tatizo ni kwamba makofi ya mbali husikika Lhasa kama ahadi. Tarehe 21 Septemba 1987 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti anayeishi uhamishoni India, alieleza mpango wake wa amani wa hoja tano mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington. Tarehe 27, watawa wa Drepung, nyumba kubwa ya watawa nje ya Lhasa, wakaandamana katikati ya Lhasa. Tarehe 1 Oktoba kukawa na maandamano mengine na polisi wakafyatua risasi. Wengi waliotoka siku zile waliamini kwamba Marekani iko nyuma yao. Machi 1989 Lhasa ikawekwa chini ya sheria ya kijeshi, ikadumu zaidi ya mwaka. Hakuna mtu wa Washington aliyelala rumande kwa sababu ya hotuba ile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Halafu ikaja 2008. Ghasia za Machi zilianza Lhasa kwenyewe na kuenea nyanda zote za juu, Magharibi haikuziwasha. Ila kilichofuata kwenye mbio za mwenge wa Olimpiki kilikuwa kazi ya wanaharakati wa nje. Mjini Paris, tarehe 7 Aprili, mwandamanaji alijaribu kumpokonya mwenge Jin Jing, mwanamichezo wa China aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Picha ile ilizunguka China yote. Watu wakaanza kususia maduka ya Carrefour, na mfanyakazi wa kawaida wa Wuhan au Chengdu, ambaye huenda angeanza kujiuliza Lhasa kuna nini, akaona kwamba anayetukanwa ni yeye. Serikali haikuhitaji tena kumshawishi.

Mwenge huo ulifika Dar es Salaam tarehe 13 Aprili, kituo pekee barani Afrika. Ulikimbizwa kwa utulivu kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa, sehemu mbili zilizojengwa kwa msaada wa China, na pingamizi lililojulikana lilikuwa la mtu mmoja: Profesa Wangari Maathai alijitoa kwenye orodha ya wakimbiza mwenge. Hakumvamia mtu. Mimi naona kitendo chake kilikuwa na hadhi kuliko vurugu zote za Ulaya, maana kilisema kinachopaswa kusemwa bila kumpa yeyote picha ya kujeruhiwa.

Kuna jingine kuhusu njia hii. Bango husema "Tibet huru", lakini Dalai Lama mwenyewe, tangu hotuba yake ya Strasbourg mwaka 1988, anaomba mamlaka ya ndani yaliyo kamili chini ya China, si nchi yake peke yake. Wapo Watibeti wanaodai uhuru kamili, hasa Tibetan Youth Congress iliyoanzishwa 1970, kwa hiyo kaulimbiu hiyo haikubuniwa na Wazungu. Lakini mgeni anapoibeba bila kujua tofauti, anaipa Beijing hoja kwamba maombi ya mamlaka ya ndani ni danganya toto tu.

Kwenye mabunge na ikulu

Historia ya njia hii inasikitisha zaidi kwa sababu iliahidi zaidi. Jeshi la China lilipoingia na Tibet ikaomba msaada Umoja wa Mataifa Novemba 1950, El Salvador ndiyo iliyolibeba suala hilo. Uingereza, iliyoijua Tibet kuliko taifa lolote la Magharibi, ikasaidia kuliahirisha. Baraza Kuu lilipitisha maazimio matatu, 1959, 1961 na 1965. Hakuna lililotekelezwa.

Wakati huo huo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likiwafundisha wapiganaji wa Kitibeti huko Camp Hale, kwenye milima ya Colorado, na kuwahudumia wengine waliopiga kambi Mustang, Nepal. Huu nao ulikuwa msaada wa Magharibi, na ndio unaonifanya niwe mwangalifu kuliko mwingine wowote. Marekani ilipoanza kumkaribia Mao, misaada ikakatwa. Mwaka 1974 Dalai Lama alilazimika kuwatumia wapiganaji wa Mustang ujumbe wa sauti akiwasihi wasalimishe silaha. Baadhi yao walijiua kuliko kuzisalimisha. Tangu mwanzo hawakuwa lengo la msaada ule. Lengo lilikuwa kuisumbua China.

Baada ya hapo zikaja sheria. Mwaka 1993 Rais Clinton aliunganisha nafuu za biashara za China na haki za binadamu, Tibet ikiwemo; 1994 akazitenganisha, biashara ikaendelea. Marekani ikapitisha Sheria ya Sera ya Tibet mwaka 2002, nyingine 2018 ya kudai Wamarekani waruhusiwe kuingia Tibet kama Wachina wanavyoingia Marekani, nyingine 2020 kuhusu haki ya Wabuddha kuchagua viongozi wao wa dini, na nyingine Julai 2024. Agosti 2023 iliwawekea masharti ya viza maofisa wanaohusika na shule za bweni ambako watoto wa Kitibeti wanasomeshwa kwa Kichina mbali na wazazi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kwamba watoto walioguswa ni kama milioni moja.

Je, shule hizo zimefungwa? Hapana. Duru tisa za mazungumzo kati ya wajumbe wa Dalai Lama na Beijing, kuanzia 2002 hadi Januari 2010, ziliisha bila mapatano, na hazijarudi. Huku serikali nyingine zikirudi nyuma: Oktoba 2008 Uingereza iliacha msimamo wake wa karibu karne nzima na kuitambua Tibet kuwa sehemu ya China moja kwa moja, bila kudai chochote badala yake. Oktoba 2011 Askofu Mkuu Desmond Tutu alitimiza miaka 80 bila mgeni wake Dalai Lama, kwa sababu viza ya Afrika Kusini haikutoka. Mongolia ilimpokea Novemba 2016, China ikasimamisha mazungumzo ya mikopo, na mwezi uliofuata serikali ya Ulaanbaatar ikasema haitamwalika tena.

Njia hii ina faida moja ya kweli, nayo ni fedha: ilifungulia bajeti za shule, afya na redio. Nitairudia hapo chini, maana imepata pigo.

Orodha ya majina

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa kuwa hapa naona watu waliotoka nje kwa miguu yao.

John Kamm alikuwa mfanyabiashara Mmarekani Hong Kong, kiongozi wa chama cha wafanyabiashara wenzake. Mwaka 1990, kwenye karamu, alimwomba ofisa wa China hadharani amsaidie mwanafunzi mmoja aliyekuwa kizuizini. Baadaye aliacha biashara, na mwaka 1999 akaanzisha Dui Hua Foundation, San Francisco. Kazi yake ni ya kikarani hasa. Wanapekua magazeti ya mikoa, kumbukumbu za mahakama na vitabu vya mwaka vya serikali ya China, wanachambua majina ya wafungwa, wanaandika orodha, kisha wanaipeleka kwa maofisa wenyewe, kwa adabu, hasa kabla ya ziara ya kiongozi. Hawapigi picha. Hawatoi matusi. Kamm alikuwa miongoni mwa waliofuatilia jina la Ngawang Sangdrol.

Sangdrol hakuwa peke yake. Takna Jigme Sangpo, mwalimu wa shule ya msingi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake gerezani, alitoka Machi 2002. Phuntsog Nyidron, mmoja wa watawa wa zile nyimbo, akatoka 2004. Na yupo Ngawang Choephel, msomi wa muziki aliyelelewa uhamishoni India, aliyekwenda Tibet kurekodi nyimbo za jadi zisipotee. Akakamatwa 1995 na kuhukumiwa miaka 18 kwa ujasusi. Mama yake, Sonam Dekyi, mkimbizi asiye na cheo chochote, aliketi barabarani Delhi na picha ya mwanawe akiomba jambo moja tu: amwone. Kwa kuwa kijana huyo alikuwa amesoma Vermont, wawakilishi wa jimbo hilo bungeni walilibeba jina lake kila walipokutana na Wachina. Agosti 2000 mama akaruhusiwa kumwona gerezani. Januari 2002 mwana akaachiwa.

Ukilinganisha na barabarani, tofauti inaonekana wazi: njia hii humwachia ofisa wa China nafasi ya kutoa bila kuaibika. Lakini haina ukarimu wa kudumu. Miaka ile China ilikuwa inaomba Olimpiki (ilipewa Julai 2001) na ilikuwa inaingia Shirika la Biashara Duniani (Desemba 2001), kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kusikiliza. Leo sababu hizo zimepungua. Na ziko kesi zilizokwama hata wakati ule. Tenzin Delek Rinpoche alihukumiwa kifo Desemba 2002. Shinikizo lilisaidia kubadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Julai 2015. Gedhun Choekyi Nyima, mtoto wa miaka 6 aliyetambuliwa na Dalai Lama Mei 1995 kuwa Panchen Lama, kiongozi wa dini wa pili kwa heshima baada yake, alichukuliwa siku chache baadaye na hajaonekana tena. Jina linapogusa mamlaka ya dini, orodha hugonga ukuta.

Wapo wanaosema kuachia wafungwa maarufu ni biashara: mmoja anatolewa, mwingine anaingizwa. Ni kweli kwa sehemu. Mama wa Choephel asingekubaliana nao.

Mradi mmoja, kampuni moja

Njia hii haisifiwi sana, na haihitaji maelezo mengi. Mwaka 1999 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi ambao sehemu yake, ya dola milioni 40, ingehamishia wakulima kama 58,000, wengi wao wasio Watibeti, katika wilaya ya Dulan, Qinghai, eneo la Watibeti na Wamongolia. Wanaharakati hawakwenda kumpigia kelele Beijing. Waliifuata benki, kwa kanuni za benki yenyewe, na jopo lake la ukaguzi likaona kanuni hizo zimekiukwa. Julai 2000 China ikaondoa ombi, ikasema itatumia fedha zake. Ushindi nusu, lakini angalau fedha za Magharibi hazikutumika. Miaka ya karibuni kampuni ya Thermo Fisher ya Marekani ilisimamisha kuuza Tibet vifaa vyake vya kupima DNA, baada ya ripoti kwamba polisi wanachukua sampuli za wanavijiji na watoto, na baada ya Watibeti na wanahisa kuibana. Hapa Mmagharibi anamdai Mmagharibi mwenzake, mahali anapoweza kusikilizwa, na hakuna Mtibeti wa ndani anayekamatwa kwa ajili ya kikao cha wanahisa.

Darasa na redio

Mwaka 1960 dada yake Dalai Lama, Tsering Dolma, alianza kulea watoto wakimbizi Dharamsala, India. Alipofariki, mdogo wake Jetsun Pema akaishika kazi hiyo kwa miongo mingi, ikawa Tibetan Children's Villages. Ardhi na hifadhi zilitoka India, na haki isemwe: hakuna nchi ya Magharibi iliyowafanyia Watibeti nusu ya walichofanyiwa na India. Lakini wafadhili wa Ulaya na Marekani walilipia vitanda, vitabu na walimu, mtoto kwa mtoto. Uswisi ilipokea wakimbizi wapatao elfu moja miaka ya 1960 na mwaka 1968 ikajengwa nyumba ya watawa Rikon. Matokeo yake ni jamii ya watu laki moja na ushee inayosoma, kuandika, kufanya uchaguzi na kubishana kwa Kitibeti. Kati ya yote niliyoyataja, hili ndilo ambalo Beijing haiwezi kulifuta kwa amri.

Lina uchungu wake. Wazazi walikuwa wakiwatuma watoto kuvuka Himalaya kwa miguu ili wakasome India, na tarehe 30 Septemba 2006, kwenye njia ya Nangpa La, askari wa mpakani walimpiga risasi Kelsang Namtso, mtawa wa miaka 17, mbele ya wapanda mlima wa kigeni. Kabla ya 2008 walikuwa wakifika zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Baada ya ulinzi kukazwa idadi imeshuka sana.

Redio iliwafikia waliobaki. Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kitibeti 1991, Radio Free Asia 1996, na hata yalipozibwa mawimbi watu waliyatafuta usiku. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipokata fedha, huduma hizo zilinyamazishwa, na misaada kwa taasisi za uhamishoni ikatikiswa. Kilichojengwa kwa miaka zaidi ya 30 kilikuwa kinategemea saini ya mtu mmoja Washington.

Kulikuwa pia na kazi ndani ya Tibet kwenyewe. Sabriye Tenberken, Mjerumani asiyeona, alitunga maandishi ya nukta ya Kitibeti na mwaka 1998 akafungua Lhasa shule ya watoto wasioona. Hakuna bango lililowahi kumsomesha mtoto wa namna hiyo. Mlango huo sasa umebaki ufa: sheria ya China iliyoanza Januari 2017 iliyaweka mashirika ya kigeni chini ya polisi.

Basi uchague nini

Ukiwa na fedha, hata kidogo, mimi ningezipeleka kwenye shule na vitabu vya Kitibeti uhamishoni, na ningezipeleka sasa, kwa kuwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba wafadhili wengi wadogo ni salama kuliko mfadhili mmoja mkubwa. Ukiwa na hisa, akaunti ya uzeeni au kura katika nchi ya Magharibi, kama walivyo wenzetu wengi walioko London au Minneapolis, ifuate kampuni na mbunge wako kwa jambo moja mahususi. Maandamano nenda kama Watibeti wa mji wako wamekualika, na ubebe maneno yao, si yako. Ukiombwa uchangie shirika, uliza waliomba nini mwaka jana, kwa nani, na walijibiwa nini. Na kama ndani yake wamo Watibeti wanaoamua, au wanaopigwa picha tu. Jihadhari na anayekuambia Tibet ni mateso matupu: kuna reli iliyofika Lhasa 2006, kuna barabara na umeme, na Mtibeti wa Lhasa anayevitumia bado anaweza kukosa haki ya kusali na kusomesha watoto kwa lugha yake. Anayeficha la kwanza hataaminika kwa la pili.

Na kama huna fedha wala kura, una muda, andika barua kwa ubalozi wa China nchini kwako. Iwe fupi na ya heshima: jina la mfungwa, gereza, mwaka wa hukumu, ombi moja. Chukua majina yaliyokwisha kutangazwa na familia au na mashirika yanayofuatilia kesi hizo. Ukipata kwa njia nyingine jina la mtu aliye ndani, jina ambalo watu wake hawajalitoa wenyewe, usiliandike popote.